Muhanga Asiyenunua

Kiangazi kikishika, mto Tarangire hunywea hadi ukabaki mchanga na vidimbwi. Wanyama walioshinda masika katika nyanda za Simanjiro, kwenye majani mazuri, hurudi mtoni kwa makundi kwa sababu kwingine kumekauka. Tembo husimama juu ya mchanga ule, huupekua kwa miguu na mkonga mpaka maji yajitokeze, hunywa, kisha huenda zao na kuviacha visima wazi. Nyuma yao hunywa punda milia, nyuma ya punda milia swala, nyuma ya swala nyani, kanga na njiwa. Hayo si hekaya. Ukifika mwezi wa Septemba utayaona kwa macho yako. Hekaya inaanzia pale wanyama walipoanza kuhesabu zamu.

Mwanzoni zamu ilikuwa adabu tu. Bibi Tembo, mkuu wa ukoo wake, alisema siku moja huku anaondoka kisimani, "Aliyekwisha kunywa ampishe mwenziwe, na asiyavuruge." Hakuongeza neno. Wanyama wadogo hawakuamini kwamba jambo la maana linaweza kusemwa na mtu anayejiendea zake, wakamtafutia msemaji mkubwa zaidi. Ukingoni palikuwa na mbuyu wenye uvungu, mnene kiasi kwamba tembo watatu wangeweza kujificha nyuma yake. Wakasema humo anakaa Mwenye Mbuyu, na ndiye anayetembeza maji chini ya mchanga. Dini ikazaliwa, na haikuwa dini mbaya. Ilikuwa na amri chache. Mgonjwa na anayenyonyesha wanywe kwanza. Akifa mnyama, asubuhi yake pasiwe na ugomvi kisimani. Na mwezi ukiwa mpevu wote wakae chini ya mbuyu jioni moja, wasile, wasiwinde, wasifanye lolote. Msimulizi wenu haamini miungu, wa mbuyuni wala wa kwingineko, lakini hiyo jioni ya kukaa bure naionea wivu mpaka leo.

Muhanga naye hakuamini. Mnyama huyu ana pua ndefu, masikio ya punda na kucha za kuchimbia. Hulala mchana, huamka usiku, hula mchwa na sisimizi. Huchimba shimo, hulala humo kwa muda, huliacha na kuchimba jingine, na mashimo anayoyaacha ndiyo nyumba za nusu ya wakazi wa pale: ngiri, nungunungu, fisi, chatu. Hakuwa amemtoza yeyote kodi. Usiku mmoja alifuata njia ya mchwa chini ya ardhi, akapita kati ya mizizi ya mbuyu, akaibukia ndani ya uvungu wenyewe. Mwezi ulipopevuka alikuja barazani akaeleza.

"Nimefika ndani," akasema. "Kuna popo, kuna kinyesi cha popo, na kuna mchwa, tena watamu. Mwenyewe sikumkuta."

"Labda alikuwa ametoka kidogo," akasema Digidigi.

"Nilirudi. Hakuna hata mahali panapoonyesha kwamba mtu huwa analala."

"Na yale maua meupe tunayoyaokota alfajiri?" akauliza Mama Kanga. "Anayaangusha nani, Mjomba?"

"Yanafunguka jua likizama. Popo wanakuja kunywa utamu wake usiku, wanaondoka na unga wake kwenye manyoya. Alfajiri yanaanguka. Nimekaa chini yake nikitazama usiku kucha. Njooni siku moja mtazame. Ni kitu kizuri kweli."

Hakuna aliyekwenda, kwa sababu usiku kuna simba. Lakini pia hakuna aliyempiga. Wakamwita Babu Hakuna, watoto wakamtungia mchezo, na kila mtu akaendelea kuishi katika mashimo yake. Kijiji kikishiba huweza kumbeba asiyeamini mmoja au wawili bila kuchoka. Huwa hata kinajivunia kuwa naye.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Ngiri, mcha Mbuyu kuliko wote. Ngiri hula akiwa amepiga magoti ya mbele, hayo ni maumbile yake, na magoti yake huwa na sugu tangu utotoni. Alikaa na mkewe na watoto wanne katika shimo lililoachwa na Muhanga hatua chache kutoka mbuyuni, lile lile lililopita mizizini. Jioni walibishana mlangoni, mmoja anaamka na mwingine anakwenda kulala, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake wala aliyetaka kumshinda.

Kisha akaja Korongo. Simsemi korongo yeyote. Namsema yule mwenye upara, koti jeusi mabegani na mfuko unaoning'inia shingoni. Wajuzi wa ndege wanasema mfuko ule hauhifadhi chakula, ni wa kuvimbishwa tu. Wanyama hawakuwa wajuzi wa ndege. Walipouona ukining'inia mtupu wakashikwa na huruma ya kuujaza. Alipoziona sugu za Ngiri alitangaza mbele ya wote kwamba hajawahi kukutana na uchaji wa kiwango kile, na Ngiri, ambaye alikuwa anakula majani tu, akaona aibu kumsahihisha.

Korongo ndiye aliyeleta vijiti. Alisema zamu isiyoshikika ni zamu isiyotolewa sadaka, kwa hiyo kila zamu ya kunywa ikawa na kijiti chake cha mkwaju. Ukiwa na kijiti unakunywa. Ukikitia mfukoni mwa Korongo, Mwenye Mbuyu atakurudishia kumi. Wakatia. Kiu ya siku moja si kitu kwa mnyama mwenye matumaini. Vuli zilipoanza Novemba, kama zilivyoanza mwaka uliotangulia na ule uliotangulia huo, Korongo aliyaelekeza mawingu kwa mdomo wake mrefu akasema, "Rejesho lenu hilo." Mwaka uliofuata wakatia mara mbili.

Lakini mfuko una mwisho wake, na Korongo hakujua afanye nini na vijiti vingi hivyo, kwa maana yeye mwenyewe ni mla mizoga na hana haja kubwa na visima. Aliyejua ni Nyani.

Matunda ya mbuyu huanguka bure. Tangu mababu Nyani aliyaokota, akayapasua, akala, kokwa akazitupa. Siku moja alizichovya kokwa katika udongo mwekundu, akazipanga juu ya jiwe na kukaa kimya kando yake. Mnaoujua ubuyu wa Zanzibar, wenye sukari na iliki na rangi inayobaki vidoleni mpaka kesho yake, mtaelewa kwamba nyekundu peke yake ni hoja. Kufikia jioni jiwe lilikuwa jeupe. Kesho yake Korongo alipita akazibariki kokwa mpya, zikawa ubuyu wa upako, na bei ikapanda kutoka kijiti kimoja hadi vitatu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ngiri aliuziwa tope, yeye ambaye amezaliwa topeni. Lilikuwa tope lile lile la mtoni, ila limefungwa kwa jani na kupewa jina. Punda Milia aliuziwa milia ya mwaka huu, na wenye milia ya mwaka jana wakaanza kusimama nyuma ya kundi. Twiga aliuziwa kichuguu cha kusimamia ili awe mrefu. Swala wote, ambao mioyo yao ni myepesi, waliuziwa mbio. Na kivuli cha mbuyu kikagawanywa kwa madaraja. Hapa inabidi nikumbushe kwamba mbuyu hupukutisha majani kiangazi na kusimama uchi kwa miezi mingi, kwa hiyo kivuli kilichouzwa daraja la kwanza kilikuwa hasa cha matawi, na wanunuzi walikaa juani wakijipepea na kusifia ubaridi wake.

Ukifikiri kwamba nawacheka waumini, fikiri tena. Korongo alihitaji uamini kwanza ndipo utoe. Alihubiri, alitoa jasho, alipoteza usingizi kwa ajili ya imani yako. Nyani hakujali unaamini nini. Ukimwambia ubuyu wake ni udongo, alicheka pamoja nawe, akakubali kwamba ni udongo, akakupigia kokwa mbili bei ya moja kwa sababu umekuwa mkweli, nawe ukaondoka nazo. Sijui kinga ya mwenye akili mbele ya muuzaji wa namna hiyo. Nimesoma hoja zote za kupinga kuwepo kwa Mungu na hakuna hata moja inayofanya kazi dukani.

Kilichoniuma mimi ni ile jioni ya mwezi mpevu. Hawakuifuta. Wangeifuta, labda wazee wangenung'unika na vijana wangeitetea kwa ukaidi. Waliiboresha. Kwanza Nyani aliomba aweke jiwe moja tu la ubuyu, kwa ajili ya watoto wanaolia. Kisha mawe yakawa mengi na kanga wakapangwa waimbe, kwa sababu wateja hukaa zaidi penye wimbo. Kisha ikaitwa Usiku wa Mbuyu, punguzo hadi mwezi utue. Wanyama waliokuwa wanakaa wakaanza kusimama, waliosimama wakaanza kusukumana, na mwezi ulipotua palikuwa na maganda, manyoya na digidigi mmoja aliyekanyagwa mguu. Kuna wazee waliojaribu kukaa kando vile vile kama zamani, bila kufanya lolote. Nguchiro, waliokuwa wameajiriwa ulinzi, wakawaambia kwa heshima kubwa kwamba sehemu hiyo ni ya wateja.

Hesabu zote aliziandika Kigogota, kwa kudonoa gome. Donda moja, kijiti kimoja. Aliyeishiwa vijiti hakurudishwa nyumbani. Alidonolewa vya wiki ijayo, na vikiisha, vya mwezi ujao. Nyani aliita mpango huo lipa mdogo mdogo. Korongo mwenyewe alikopa mia tatu ili azungushie mbuyu ua wa miiba, na tangu siku hiyo mahubiri yake yote yakawa juu ya utoaji, maana kila jioni ilibidi afikishe rejesho. Msishangae. Mwaka 1517, Martin Luther alipozipinga hati za msamaha kule Wittenberg, nusu ya fedha zilizokusanywa kwa hati hizo katika eneo la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz ilikuwa inalipa deni lake kwa ukoo wa Fugger, wakopeshaji wa Augsburg. Nusu nyingine ilikwenda Roma kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Mjane aliyetumbukiza sarafu kwa ajili ya roho ya marehemu mumewe alikuwa anamlipia askofu mkopo wa cheo. Na kwetu, mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alipowapa watu kikombe cha dawa pale Samunge, Loliondo, alitoza shilingi 500. Kikombe hakikumfilisi mtu. Nauli ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko kikombe mara nyingi, na wenye uwezo walikodi helikopta. Mwaka ule wasioamini tulikuwa hodari wa kumcheka mzee wa kikombe. Wenye magari sikusikia tukiwacheka.

Bibi Tembo aliendelea kuchimba. Alipofika siku moja akaambiwa aonyeshe kijiti, aliwapita nguchiro bila hata kujua kwamba ameulizwa, akanywa, na anywapo tembo mzima huweza kumaliza zaidi ya lita 100 kwa siku. Kigogota alichanganyikiwa aandike nini. Mwishowe Bibi Tembo akaandikwa Mdhamini Mkuu.

Ndipo mtoto wa tatu wa Ngiri alipoanguka. Ilikuwa Oktoba, saa nane mchana. Kisima kilikuwa hatua ishirini mbele yake na maji yalikuwa ndani, yanaonekana, yametulia. Mama Ngiri alimsogeza kwa pua hadi ukingoni.

"Zamu hii imeshauzwa, mama," akasema Nguchiro.

"Kwa nani? Sioni mtu."

"Ni ya Mzee Nyani. Amepumzika."

"Basi mtoto anywe, Mzee akiamka nitamwambia mwenyewe."

"Mama, ningeweza kukuruhusu mimi. Lakini kesho atakuja mwingine, na keshokutwa mwingine. Nenda kwa Kigogota akukate za mwezi wa pili."

"Za mwezi wa pili nimeshakatwa."

Mtoto hakufa. Mama Ngiri alichimbua mizizi yenye majimaji akamtafunia. Jioni Muhanga alipotoa pua shimoni alimkuta Ngiri mlangoni, amekaa, hakupiga magoti.

"Msinunue," akasema Muhanga. "Kiangazi hiki kimoja tu. Wala msimkane Mbuyu wenu, hilo silitaki kwenu. Msinunue."

Ngiri alikaa kimya, kisha akasema, "Mjomba, wewe hunywi."

"Nini?"

"Hunywi maji. Mimi nimekuwa jirani yako tangu nizaliwe, sijawahi kukuona kisimani. Mchwa unaowala wana maji yao ndani yao. Ndiyo maana unaweza kusema hakuna Mbuyu, ndiyo maana unaweza kusema msinunue. Ningekuwa na tumbo lako na mimi ningekuwa na hekima yako."

Muhanga hakujibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Muhanga hupata karibu maji yake yote katika mchwa. Sikutaka kuiacha sehemu hii ingawa inatuaibisha. Wasioamini wengi ninaowafahamu tuna kitu tumboni tayari: mshahara, bima, rafu ya vitabu, mtoto aliyelala kwenye chandarua. Ni rahisi kumwambia mwenzako mbingu ni tupu ukiwa umesimama juu ya sakafu yako mwenyewe.

Usiku ule Muhanga hakwenda kula. Alishuka mtoni, mahali ambapo hapakuwa na kisima wala mlinzi, akachimba. Mchanga uliporomoka akauzoa tena, ukaporomoka akauzoa, na kabla ya alfajiri pua yake iligusa unyevu. Aliwaamsha Ngiri na wanawe, wakanywa. Nungunungu aliyekuwa anapita akanywa. Asubuhi nguchiro walipokiona kile kisima walikizungushia miiba na kukiandika Tawi la Pili, kisha wakaenda kumkamata aliyekichimba.

Baraza lilifanyika mchana, makusudi, ili mshitakiwa awe na usingizi.

"Mshitakiwa," akaanza Mkuu wa Nguchiro, "ni kweli kwamba unakana kuwepo kwa Mwenye Mbuyu?"

"Kweli."

Korongo aliinuka, na wote wakategemea ngurumo. "Naomba shitaka hilo liondolewe," akasema. "Mjomba wetu amekuwa akisema hivyo miaka mingi na hatuna kinyongo. Tena ana faida yake. Waumini wakimsikia huogopa, wakiogopa hutoa."

"Nami nimeuza hirizi nyingi za kujikinga na maneno yake," akaongeza Nyani. "Hilo si kosa. Hilo ni soko."

"Kosa ni lipi, basi?"

Nyani alimwambia Kigogota aonyeshe gome. Walikuwa wamejaa pale wote, donda kwa donda, kuanzia twiga hadi kanga. "Tafuteni jina lake," akasema. "Halimo. Tangu tufungue hajanunua kokwa moja. Nilivumilia, nikasema ni mzee. Lakini juzi Ngiri hakununua. Jana Nungunungu hakununua. Ndugu zangu, kila mmoja wetu hapa ana vijiti vya mwakani vilivyokwisha kuliwa. Kama watu wataacha kununua wiki hii tu, anayenidai mimi atanijia, nami nitawajia ninyi, na Mtumishi Korongo atauza ua wa miiba. Nyumba yetu sote imesimama juu ya hamu ya kesho. Huyu anatoa maji bila kijiti. Mnataka niseme kosa gani zaidi ya hilo?"

Kimya kikawa kizito. Punda Milia, ambaye hakuwahi kumchukia mtu, ndiye aliyeanza kupiga kelele. Wengine wakafuata. Hata Digidigi mwenye mguu uliokanyagwa alipaza sauti, maana alikuwa ameuziwa gongo kwa mkopo. Ngiri aliinamisha kichwa, na magoti yake yakakunjika kwa mazoea. Muhanga akaamriwa asionekane mbuyuni na asichimbe shimo lolote bila kibali, adhabu ambayo kwa mnyama wa aina yake haina tofauti na kuambiwa asipumue.

Vuli za mwaka ule zilichelewa. Visima vikazidi kwenda chini hata vijiti vikaanza kuuzwa kwa bei ya kuchekesha, mia kwa mdomo mmoja. Na tembo walifanya wanachofanya tembo ukame ukizidi: waliugeukia mbuyu. Mti ule si wa mbao ngumu. Ndani yake ni nyuzi laini zilizolowa maji, na tembo hulijua hilo. Bibi Tembo aliingiza pembe kwenye gome, akalibandua pamoja na madeni yote yaliyoandikwa juu yake, akatafuna. Kigogota alipiga kelele. Korongo alisoma maneno yote aliyoyajua. Tembo walitafuna siku nyingi, mpaka uvungu ukawa dirisha na dirisha likawa mlango, na usiku mmoja mbuyu ukashuka wenyewe, kwa kishindo, ukawa lundo la nyuzi.

Muhanga alikisikia kishindo kutoka alikofukuzwa. Akawaza, sasa wataona ndani. Kwa mara ya kwanza maishani alitoka mchana kwa hiari yake, akakimbia, akajificha nyuma ya kichuguu kutazama wenzake wakigundua. Kwa mwerevu kama yeye lilikuwa wazo la kitoto.

Nyani alikuwa amekwisha kupanga mawe. Kipande halisi cha Mbuyu, kijiti kimoja. Chenye alama ya jino la Mdhamini Mkuu, vitano. Madeni yaliyoliwa na tembo aliyakumbuka yote kwa kichwa, na yaliongezeka kidogo katika kukumbukwa. Korongo aliwafariji waombolezaji kwa kuwaeleza kwamba Mwenye Mbuyu hakufa, amehama, na kuhama kuna gharama zake. Kufikia jioni vilikuwa vimeuzwa vipande vya kutosha mibuyu minne. Wapo walionunua wakilia, na wapo walionunua kwa sababu waliokuwa mbele yao walinunua.

Lakini wapo pia waliosimama mbali, mikono mitupu, wakitazama lundo lile la nyuzi. Hawakuwa wachache. Nyani aliwaona, na usiku akaenda kumtafuta Muhanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Nyani. Sikuja kwa ubaya. Nimekuja kukuambia kwamba ulikuwa umesema kweli."

"Najua."

"Tatizo ni kwamba sasa wanaojua ni wengi. Kuna kundi zima haliamini tena kitu, na wana vijiti, maana hawatoi sadaka. Sina cha kuwauzia."

"Usiwauzie."

Nyani alicheka kwa adabu. "Wanataka mahali, Mzee. Mahali pa kutoamini pamoja. Lile shimo lako la kwanza, lililopita mizizini. Tutaliita Shimo la Babu Hakuna."

"Wakiingia watakuta nini?"

"Hawatakuta kitu! Ndiyo bidhaa yenyewe hiyo. Mtu anaingia, haoni kitu, anatoka amefurahi. Hakuna gharama ya malighafi."

"Nami nitakuwa nafanya nini humo?"

"Ingekuwa vizuri zaidi usiwepo. Ukiwepo utaongea."

Muhanga alikataa. Nyani, aliyezoea kupatana bei, aliliona kuwa ni neno la kwanza la mazungumzo marefu, akasema atarudi kesho na kiwango kingine. Aliporudi hakumkuta. Alama za kucha zilielekea Simanjiro. Nyani hakusikitika, kwa sababu mwanzilishi aliyetoweka ana bei kuliko aliyepo.

Shimo lilifunguliwa kabla wiki haijaisha. Punda Milia alikuwa wa kwanza kwenye foleni, ingawa shimo halikuwa la ukubwa wake. Kanga waliimba wimbo wao ule ule, wamebadili maneno machache. Korongo alisimama mlangoni, mfuko umeoshwa. Katikati ya foleni walikuwa Ngiri, mkewe na watoto wanne, waliokuwa wametolewa humo asubuhi ile ili pafagiliwe.

"Kiingilio kijiti kimoja kwa kichwa," akasema Kigogota, ambaye sasa aliandika kwenye mkwaju.

"Lakini hapa ni kwangu," akasema Ngiri.

"Kabla yako palikuwa pa nani?"

"Pa Mjomba Muhanga."

"Umeona? Ni mahali pa kihistoria."

"Wakazi wa zamani hatuna punguzo?" akauliza Mama Ngiri.

"Lipo, kwa wenye kipande halisi cha Mbuyu."

Mama Ngiri alikuwa nacho, alikinunua akilia. Wakakatiwa vijiti vya masika yajayo. Ngiri akageuka, akaanza kuingia kinyumenyume, kama wanavyoingia ngiri wakubwa ili pembe zibaki zinaangalia mlango. Alipofika mabegani Kigogota akamsimamisha.

"Subiri kidogo, mzee. Umelipia kichwa, na kichwa bado kiko nje. Kilichoingia mpaka sasa ni kiwiliwili, na hicho kina bei yake."